Huyo Latifa Hayupo

Munir bin Talib, Mungu amrehemu, alizaliwa ughaibuni, Thornton Heath, kitinda mimba wa karani aliyeikimbia Unguja na sanduku moja. Alikufa na miaka hamsini na mitatu, mwimbaji wa wimbo mmoja. Alitoa nyingi, za bluzi na roki, gitaa likipiga kelele na yeye akikwaruza koo, lakini watu walimjua kwa "Latifa" tu. Dada yake Jokha, aliyemzidi miaka tisa, hakuutaja kwa jina hata siku moja. Aliuita "ule uchafu".

Alikuwa na sababu. Mama yao, Bi Ghalia, kila shida ilipoingia nyumbani alikaa kwenye ngazi akavuta uradi: Ya Latifu, Ya Latifu, mara mia na zaidi, akimwomba Mungu Mpole. Munir, aliyekisikia Kiswahili na kukijibu kwa Kiingereza, alidhani mama anamwita mwanamke. Akamjenga kichwani: Latifa, shoga wa mama aliyebaki Unguja, anaitwa haitiki. Alipofika miaka ishirini na sita akamtungia wimbo, ukavuma nchi nzima. Baa zikajaa watu wenye bia mkononi, wakinguruma: Ya Latifa.

Bi Ghalia aliusikia redioni, kwa muuza nyama Tooting. Aliacha kuku juu ya kaunta akarudi nyumbani. Kisha akamtuma Jokha.

"Huyo Latifa hayupo," Jokha alimwambia nduguye, amesimama mlangoni hata koti hakuvua. "Mama alikuwa anamwita Mungu. Wewe umemtia baa."

Munir alibadilika rangi. "Dada, mimi sikujua."

"Sasa umejua. Acha."

Hakuacha. Alijaribu kuuruka onyesho moja, Peckham, watu wakamtupia vikombe, na wiki iliyofuata akaurudia. Tangu hapo Bi Ghalia alivuta uradi kwa midomo tu, bila sauti, kama mtu aliyekwisha kuibiwa. Hata siku ya kufa kwake hakusikika, wala hakusema kama amemsamehe mwanawe. Hilo ndilo Jokha hakuweza kulimeza. Tangu kifo hicho, miaka kumi na minane, hakukanyaga kwa Munir.

Moyo wa Munir uliposimama, Alhamisi moja, mpiga ngoma wake alikuja kwa Jokha na kofia mkononi. Aliitwa Luc, Mkongo wa Bukavu.

"Mama Jokha, pole sana. Tunaomba kupiga ile wimbo pale makaburini. Kidogo tu."

"Mkipiga, nitakuvunjia hilo gitaa kichwani."

"Mimi napiga ngoma, Mama."

"Basi ngoma. Kichwa ni kilekile."

Luc alizungusha kofia. "Tangu ile siku ulimuambia, hakutaja tena ile jina. Tukifika pale, anaelekeza maikrofoni kwa watu, yeye anafunga mdomo. Wao walifikiri ni mbwembwe."

"Kwa hiyo yeye alimwogopa Mungu, akawaachia walevi wamtukane."

"Alikuwa mwoga, Mama. Sikatai. Lakini mdomo alifunga."

"Toka, Luc."

Alitoka. Jokha alibaki amesimama ukumbini, na chai aliyomtengenezea mgeni kwa mazoea ikapoa jikoni bila mtu.

Ijumaa, msikitini, jeneza lilipowekwa mbele, imamu akauliza kama ilivyo ada kabla ya kuswalia: mwenye haki yake kwa marehemu, amsamehe asiende nayo kaburini. Sauti ilifika juu kwa wanawake kupitia spika. Hakuna aliyegeuka, lakini kila mmoja alijua swali ni la nani. Bi Ghalia hayupo; aliyeweza kusema kwa niaba yake ni Jokha peke yake.

Haifa, binti wa Munir, alimshika mkono. Akamnong'oneza kwa Kiingereza: je, atasema?

Jokha alikawia mpaka imamu akarudia swali.

"Haki ya mama nimemsamehe," alisema, "kwa kuwa mdomo alifunga."

"Na yako, shangazi?" Safari hii Haifa aliuliza kwa Kiswahili.

"Yangu bado. Usinibembeleze."

Imamu akapiga takbira ya kwanza. Jokha akautoa mkono wake taratibu mkononi mwa yule binti, akainyanyua yote miwili, akamswalia nduguye mpaka mwisho.