Mpira Mfupi na Sakafu ya Fundi

Mume wangu alikwenda kuweka vigae kwenye vyoo vya klabu ya gofu, akarudi na ugonjwa. Vigae vilikwisha, malipo yakatoka, lakini yeye akaendelea kwenda. Kwanza alisema anakagua kazi yake isije ikapasuka. Baadaye akaja na fimbo kuukuu aliyopewa na mwanachama mmoja, akaisimamisha nyuma ya mlango wa chumba chetu, na mimi nikajua nimeshaletewa mke mwenza.

Mimi ni mshoni. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, imekaa sebuleni karibu na dirisha, na ndiyo iliyonila goti. Siku ya kwanza nilikwenda klabuni kwa hasira, kumtafuta mtu aliyeniaga kwamba anarudi kula. Wakanipa fimbo nijaribu, nadhani ili ninyamaze. Nikapiga, mpira ukaenda ulikotumwa. Tangu siku hiyo mimi na mke mwenza tukapatana.

Klabu yetu ni ndogo. Wamo walimu, mafundi, mfamasia na mkewe, na mzee mmoja mstaafu anayelala kitini kuanzia asubuhi. Uwanja wa mazoezi ya mipira mirefu uko mbele kabisa, unatazamana na baraza. Ukipiga mpira ukaruka mbali, watu wanaokunywa soda barazani wanaona, wanapiga makofi. Lakini grini ya mazoezi, pale penye nyasi fupi na vishimo vya kujifunzia kusukuma mpira taratibu, iko nyuma ya jiko, kando ya mapipa ya taka. Huko hakuna anayekuona isipokuwa mpishi akija kumwaga maganda.

Sasa nikwambie mume wangu aligawaje muda wake wa mazoezi. Hakuugawa. Wote ulikuwa wa mbele. Jumamosi baada ya kazi anafika, anachukua fimbo ndefu kuliko zote, anapiga mpaka mkono unamtetemeka. Barazani wanamwita Radi. "Radi, piga nyingine." Na Radi anapiga nyingine. Wale walikuwa wanamvika kilemba cha ukoka, na yeye alikivaa akaona kimemkaa.

Mimi nilikuwa nakwenda nyuma ya jiko. Si kwamba nina akili kuliko yeye. Mpaka nimalize kufua, kupika, kumuogesha mama mkwe wangu na kukabidhi nguo za wateja, jua linakuwa limebaki kidogo tu, na kwa muda mdogo kama ule mtu anafanya kinachofanyika. Nikawa hodari wa mpira mfupi kwa kukosa nafasi ya kuwa hodari wa mrefu.

"Fundi," nilimwambia siku moja tukirudi nyumbani, "ule mrefu unaupiga mara moja tu kwa kila shimo. Huu mfupi unaupiga mara mbili, mara tatu. Kwa nini mazoezi yote uyape ule wa mara moja?"

"Mpira mfupi hauna mazoezi," akasema. "Ni bahati tu."

"Kwa hiyo kila mwaka bahati inatukimbia sisi?"

Alijua nazungumzia nini. Kila mwaka klabu ina mashindano ya wawili wawili, mpira mmoja mnapokezana: huyu akipiga, mwenzake anafuata. Sisi tunacheza pamoja, mume na mke. Mwaka mmoja tulitolewa na walimu, mwaka uliofuata na mfamasia na mkewe, na mwaka wa tatu na watu ambao hata jina lao sikushika. Mara zote ilikuwa hivi hivi. Radi anaurusha mpira mbali, baraza inashangilia, mimi nausogeza mpaka karibu na shimo, halafu yeye, kutoka mahali ambapo mtoto angeweza kuupuliza ukaingia, anakosa. Nilikuwa namtazama nikitamani kulia na kumpiga na fimbo kwa pamoja.

Mwaka huu daktari alilishika goti langu, akalikunja, akalisikiliza likilia, akasema niende kupasuliwa msimu ukiisha. Nikamuuliza kama nitacheza tena. Akaniambia nitatembea vizuri, nishukuru. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwenye jengo alilokuwa mume wangu, nikamwita ashuke kwenye jukwaa.

"Huu ndio mwaka wangu wa mwisho," nikamwambia. "Nataka kushinda mara moja katika maisha yangu. Nusu ya muda wako upe mpira mfupi. Sikuombi kingine."

Alinitazama, mikono imejaa saruji. Akasema, "Sawa, mama watoto." Na kwa kweli alitimiza, ila alitimiza kwa namna yake. Kwenda nyuma ya jiko, mpishi akatangaze barazani kwamba Radi anasukuma mipira kama bibi anayesukuma kuku, hapana. Akatandika kipande cha zulia kwenye korido ya nyumbani kwetu, akalaza kopo la maziwa mwisho wake, na kila jioni akawa anasukuma mpira kutoka mlango wa jikoni kuelekea mlango wa mbele.

Mwanzoni alikosa sana. Baadaye akaanza kupata. Mimi nilikuwa sebuleni nimeupa ukuta wa korido mgongo, nakanyaga cherehani, nasikia tu kopo linalia, kisha linalia tena. Jioni nyingine halikukosa kulia hata mara moja. Nilifurahi mpaka nikamshonea suruali mpya ya mashindano.

Hapa inabidi niseme habari ya sakafu ile. Nyumba yetu kaijenga mwenyewe, na amejengea watu nyumba nzuri mji mzima, lakini korido yetu aliimwaga zege mawingu yamefunga, akaharakisha. Siku ya kwanza nilipopiga deki, maji yote yalikimbilia kushoto, kwenye mlango wa chumba cha Mama mkwe. Nikamwambia, "Fundi, sakafu hii imelala upande." Alinuna. Akawa anakula kwa dada yake, mpaka Mama mwenyewe alipokwenda kumrudisha. Tangu hapo neno sakafu halitamkwi kwetu. Mama hukunja taulo akauziba nalo mlango wake kwa chini, ukimuuliza anasema anazuia baridi. Mimi nikipiga deki naanzia mlangoni kwake, nakuja nikiyarudisha maji. Mganga hajigangi, na huyu wangu hata kuambiwa anaumwa hataki. Kila siku anatoka na pimamaji kwenye mfuko wa kazi kwenda kupima sakafu za watu.

Siku ya mashindano tulifika mpaka mwisho, sisi na mfamasia na mkewe. Baraza ilijaa. Radi alipiga mpira wa kwanza ukapotelea machoni, wakashangilia kama kawaida, na mimi nikachechemea kuufuata. Shimo la kwanza nikausogeza karibu. Akaja na fimbo fupi, akasimama vizuri, mtulivu, nikaona huyu kweli amefanya mazoezi. Akasukuma. Mpira ukapita kulia mwa shimo.

Nikasema moyoni ni woga. Lakini shimo lililofuata ikawa kulia tena, na baadaye tena kulia, kiasi kile kile, upana wa kikombe. Zamani alikuwa akikosa kila upande, leo anakosa upande mmoja tu. Mtu asiyejua anakosa ovyo. Huyu alikuwa anakosa kwa ufundi. Tuliendelea kuwa sawa na wenzetu kwa sababu mimi nilikuwa natumbukiza kila unaonifikia, goti linawaka moto ndani ya bandeji.

Nilikuwa nimeinama kuokota mpira kwenye shimo moja, karibu na mwisho, ndipo akilini nikauona mlango wa Mama, pale koridoni kwetu. Jioni zile zote mume wangu alijifunza kusukuma mpira kulia, ili sakafu iurudishe kushoto, uingie kopoini. Alikuwa anaukwepa mlango wa mama yake. Na hapa kwenye nyasi, palipolala sawasawa, mlango wa Mama haupo, na yeye bado anaukwepa. Tungemwacha asifanye mazoezi kabisa, angalau mmoja ungeingia kwa kubahatisha.

Tulifika shimo la mwisho tuko sawa. Nikausogeza mpira mpaka hatua mbili kutoka shimoni, pazuri kuliko pote nilipowahi kuuweka. Zamu ikawa yake. Nikamsogelea, nikamnong'oneza, "Lenga kushoto. Upana wa kikombe, kushoto."

"Nyasi ziko sawa hapa. Nimezitazama."

"Najua ziko sawa. Wewe ndiye unapeleka kulia."

"Umekuwa mwalimu wangu lini?"

Mfamasia alikuwa anakohoa kwa adabu, kutuharakisha. Sikuwa na njia nyingine. "Baba watoto, ni korido yetu," nikasema. "Sakafu imelala upande. Umejifunza kuifuata."

Nilimwona sura inavyofunga. Ilikuwa sura ile ile ya kwenda kula kwa dada yake. "Hapa mbele za watu," akasema taratibu, "si mahali pa kunitukania kazi yangu." Akageuka, akasimama kama alivyokuwa anasimama kwenye korido yetu, akasukuma vile vile. Mpira ukapita kulia. Mke wa mfamasia akaja, akautia wa kwao, baraza ikapiga makofi, na mzee mstaafu akaamka kuuliza nani ameshinda.

Tulirudi kwa gari la abiria. Niliumia, na sitaki kulipamba. Miaka yote ile nilibembeleza nusu ya muda wa mtu, nikapewa, na nusu yenyewe ikawa mbovu kuliko kukosa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema, na ukuta wenyewe nilikuwa nimekaa nao kwenye gari, kila mmoja anatazama dirisha lake.

Kesho yake asubuhi goti lilikuwa limevimba kama boga. Nikakaa sebuleni, kwenye mlango wa korido, mguu juu ya kigoda, kitambaa cha maji baridi juu yake. Mama akajikwaa na birika, akamwaga chai korido nzima. Kwa kawaida ningeinuka. Mume wangu alinitazama, akasubiri niinuke.

"Leo goti limekataa," nikasema. "Dekio liko nyuma ya mlango wa jikoni."

Alilitafuta kwa muda. Akaja na ndoo imejaa, akalichovya dekio, hakulikamua, akalibwaga sakafuni karibu na jiko. Maji yakatembea. Yalipita kwenye miguu yake, yakapinda kushoto bila haraka, yakaenda kusimama kwenye taulo la Mama.

"Nani huyo anapiga deki kama mgeni?" Mama akauliza kutoka chumbani kwake. "Si unaanzia huku kwangu? Umeniloweshea taulo."

Mume wangu alisimama akiyatazama maji. Kisha akaenda kwenye mfuko wake wa kazi, akarudi na pimamaji, akapiga magoti kwenye maji yale na kuilaza sakafuni. Kutoka nilipokaa niliona kiputo kilichomo ndani yake kikikimbilia upande mmoja na kukataa kurudi. Akaihamisha mbele kidogo. Kikakimbia vile vile.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu ulipomwaga zege, mwanangu," Mama akajibu kabla yangu. "Mke wako alikwambia, ukaenda kula kwa dada yako."

Alibaki kapiga magoti, suruali ile mpya niliyomshonea inanyonya chai. Nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa nayo tayari tangu jana, nimeyapanga usiku kucha, yana makali. Nilipomwona pale yakanishinda kutoka, nikabaki na hasira bila mahali pa kuiweka.

"Nitaivunja," akasema. "Wiki hii hii. Naimwaga upya, inyooke kama meza, halafu na kule nyuma ya jiko nakwenda, waone wasione, nusu kwa nusu. Mwakani likifika lile shimo la mwisho, wewe utauweka pale pale ulipouweka, na mimi..."

Akageuka kunitazama ili nikubali. Macho yakashuka kwenye goti langu, juu ya kigoda, na kile kitambaa kinachotona maji.

"Mwakani nitakuwa barazani," nikamwambia. "Nitakupigia makofi na wenzangu. Sasa kamua hilo dekio, uanzie mlangoni kwa Mama."

Akalikamua.