Sikio la Kukatia Risasi

Ifahamike kwa wote kwamba, kuanzia tarehe ya tangazo lile, hakuna mfanyakazi wa kiwanda atakayebakizwa kwenye kazi ya risasi bila ridhaa yake. Kwamba atakayeomba kuhama atahamishwa ndani ya siku thelathini. Na kwamba afya ya mfanyakazi ndiyo mtaji wa kwanza wa kiwanda. Tangazo lilipigwa muhuri mara mbili, huenda kwa sababu wa kwanza ulitoka umepauka, likabandikwa kwenye mlango wa stoo, mahali ambapo kila mtu hupita amebeba kitu kizito na hawezi kusimama kusoma.

Aliyesimama kulisoma alikuwa mkataji. Aliweka mzigo chini, akalisoma mara tatu, kisha akaenda ofisini kuomba ahamishwe. Alikuwa na miaka ishirini na mbili mahali pale na hajawahi kuomba kitu zaidi ya glavu.

Kiwanda kilitengeneza vizito vya nyavu na vya magurudumu ya magari, na risasi yake, yaani ile metali ya kijivu, laini na nzito kuliko inavyoonekana, ilikuja kwa vipande vikubwa kama vizingiti vya mlango. Sufuria ya kuyeyushia ilikuwa na mdomo wa upana wa sinia. Kati ya kizingiti na sinia alisimama yeye. Msumeno haukufaa: baada ya dakika mbili meno yake yalijaa risasi kama meno ya mtu aliyekula embe. Shoka liliingia vizuri likakataa kutoka. Yeye alikilaza kipande juu ya wavu wa chuma wenye makaa chini, akasubiri kikaribie kuyeyuka bila kuyeyuka, halafu akakipiga nyundo moja, nacho kikavunjika vipande vipande kama tofali bichi. Ukipiga mapema, nyundo inazama. Ukichelewa, huna tena cha kupiga. Muda wenyewe ni mfupi kuliko kupiga chafya mbili, na aliujua kwa kugonga pembeni kwa kinyundo kidogo na kusikiliza. Wenzake wakamwita Sikio.

Kilichomfanya aombe kuhama kilikuwa na miezi tisa na meno mawili. Mjukuu wake, mtoto wa binti yake wa pekee, alipimwa damu kliniki, ikakutwa na sumu ya risasi, na daktari akauliza ni nani nyumbani anafanya kazi ya risasi. Vumbi lilikuwa limeingia na shati, na kofia, na ndevu. Binti alirudi, akaketi kwenye stuli ya jikoni, akasema bila kupaza sauti:

"Baba, sikufukuzi. Nyumba ni yako. Lakini mtoto usimbebe mpaka utoke kule."

"Hata nikioga?"

"Ulikuwa unaoga."

Tangu siku hiyo Sikio alikula upande wake wa chumba. Mtoto alimtambaia, mama yake akamdaka mguu na kumrudisha. Mtoto akadhani ni mchezo, akatambaa tena. Kuacha kazi kabisa hakukuwezekana. Mshahara wake ndio ulioilisha nyumba nzima, na kwa umri wake angeajiriwa labda kuwa mfano wa umri.

Meneja alimpokea kwa heshima zote.

"Mzee, haki yako ipo, imeandikwa. Niachie mtu mmoja tu wa kushika nyundo, kesho yake unahama."

Mtu akapatikana: mchomeleaji, mwanamume wa makamo, mwenye mikono mizuri na imani ndogo kwa binadamu.

Hapa yafaa kusema ukweli usiompendeza Sikio. Kwa miaka ishirini na mbili, kila alipoulizwa anajuaje wakati wa kupiga, alidanganya. Hakuwa na ubaya. Ila mtu mwenye ujuzi mmoja huulinda kama kuku mwenye kifaranga kimoja. Mmoja aliambiwa, "Unaitajia risasi jina la mama mkwe wako, ikishtuka piga." Mwingine aliambiwa azunguke mara saba. Mchomeleaji, miaka sita nyuma, aliambiwa ahesabu hadi mia nane bila kupepesa macho, na Sikio akacheka sana aliposema hivyo.

Sasa alimfundisha kwa wiki tatu, na kwa mara ya kwanza alisema kweli tupu.

"Gonga hapa pembeni. Inasema nini?"

"Ndu."

"Hiyo bado. Ngoja. Gonga tena. Sasa?"

"Ndu."

"Sasa?"

"Kwa."

"Hapo. Piga hapo hapo. Hakuna kingine, ndugu yangu, naapa."

Mchomeleaji aliitikia kwa kichwa, na alipokuwa na Sikio ubavuni alipiga sawasawa. Lakini moyoni alishafanya hesabu zake. Fundi hatoi siri kwa wiki tatu, tena bure, tena kwa kiapo. Siri ya kweli humponyoka mtu akiwa anacheka. Hii habari ya ndu na kwa ilikuwa ya kumpoteza mbele ya wakubwa.

Siku ya mtihani wa mchomeleaji Meneja alivaa koti jeupe. Kipande kilikuwa cha kilo themanini. Sikio aliambiwa asimame ukutani, asiseme neno, kwa kuwa haki ni lazima ionekane. Makaa yakashika. Mchomeleaji akagonga pembeni mara moja, kwa adabu, kisha akaweka kinyundo chini na kukodoa macho. Midomo yake ilikuwa inacheza. Sikio aliiangalia, akaelewa: mtu alikuwa anahesabu.

Akakohoa.

"Mzee," alisema Meneja, "mtihani si wako."

Akakohoa tena. Kipande kilibadilika rangi kidogo kwenye kingo, jambo ambalo mtu mwingine asingeliona. Sasa, alisema Sikio moyoni. Sasa. Mchomeleaji, machozi yakimtiririka kwa kutopepesa, alikuwa amefika mia sita na arobaini. Alipofika mia saba kipande kililegea katikati kama mtu anayeketi, kikamwagika kupitia wavu, kikazima makaa, kikatambaa sakafuni kiking'aa kama kioo, na kuganda.

Meneja alikusanya pindo la koti lake jeupe.

"Ulikuwa unafanya nini?" aliuliza Meneja.

"Nahesabu," alisema mchomeleaji, akifuta macho. "Alivyonifundisha mwenyewe. Muulize."

Sikio aliulizwa kama aliwahi kusema maneno hayo. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Akasema ndiyo, aliwahi.

Kiwanda sasa kilikuwa na kipande kipana kuliko cha kwanza, kilichoshikana na sakafu, na mtu mmoja tu aliyejua kukikata. Alikikata kwa siku mbili.

Siku ya thelathini Meneja alimkabidhi barua na shati la buluu lenye vifungo vya shaba.

"Haki yako hii. Kuanzia kesho wewe ni mlinzi wa lango."

"Na kukata?"

"Kukata utakuwa unasaidia tu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka apatikane mtu."

"Atapatikanaje, nani atanisikiliza?"

"Hilo, mzee," alisema Meneja kwa upole, "ulijitafutia mwenyewe."

Nyumbani binti aliisoma barua akiwa amesimama. Alipofika kwenye maneno *mlinzi wa lango* alicheka kwa sauti, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu kliniki. Akamnyanyua mtoto kutoka mkekani, akamnyoosha mbele.

"Haya, mpokee babu yako. Babu amekuwa askari."

Mtoto alinyoosha mikono yote miwili, akishika kwa macho vifungo vya shati alilovaa babu kabla ya kuvifikia. Sikio alirudi nyuma hatua moja, mgongo ukagusa mlango.

"Ngoja kwanza ninawe," alisema.

"Umeshanawa, baba."

"Ngoja ninawe."

Akaenda bafuni, akafungua maji, akayaacha yatiririke muda mrefu. Alipotoka mtoto alikuwa amelala, na binti alikuwa amekaa na barua mapajani, akiitazama mikono ya baba yake.

Mlinzi yupo kazini kila siku, nyundo mkononi. Lango, kwa vile kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni hakuna wa kulisimamia, hufungwa kwa mnyororo na kufuli, na ufunguo hukaa ofisini kwa Meneja.