Bega Langu na Mawese ya Moto

Laiti ningekataa siku ile kaka yangu aliposema tuahirishe upasuaji wa bega langu mpaka michikichi yetu ya shamba la Simbo iishe kuvunwa. Nilikubali upesi kwa sababu niliogopa kisu. Daktari alikuwa amenieleza kwamba kano ya bega imechanika kidogo. Upasuaji haukuwa wa lazima, alisema, lakini nisipoutaka, basi nipumzishe mkono na nisipande mti.

Mimi nikachagua dawa ya nyumbani. Kila jioni mke wangu alipasha moto mawese na kunichua.

“Mume wangu, unataka kupona au nikukaange kabisa?” aliniuliza, viganja vyake vimekuwa vyekundu kwa mafuta.

“Kaanga tu, mradi kesho nipande.”

Maumivu yalipungua, nikadhani nimepona. Nilikata mikungu ya chikichi wiki nzima, hadi asubuhi moja mkono ukalegea nikiwa juu. Kaka yangu alipanda na kamba yake, akanishusha hatua kwa hatua, mtu mzima yule, huku akilia. Nitamshukuru hadi kufa.

Nilirudi kwa daktari kuuomba ule upasuaji.

“Mzee wangu,” alisema kwa upole, “sasa kano imekatika na kuvutika mbali. Haiunganiki tena.”

Simlaumu mtu, uamuzi ulikuwa wangu. Mke wangu hunifunga vifungo vya shati kila asubuhi, wala hajawahi kunisimanga. Namshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini mkono wangu wa kulia hauinuki kupita kifua, na hautainuka tena.