Kasuku na Mkono wa Kaka Yake

Uwanjani walimwita rubani yule Kasuku, maana kila kabla ya kuruka, hata akiwa peke yake ndani ya ndege, alisema kwa sauti: "Injini moja ikizimika magurudumu yakiwa bado nje na njia ya kurukia bado ipo mbele, nafunga gesi ya injini zote mbili, natua mbele." Wapakiaji mizigo walimwigiza wakacheka hadi machozi. Mkewe, mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, aliyasikia maneno hayo mumewe akinyoa ndevu, akifunga kamba za viatu, na mara moja usingizini.

Sasa Kasuku alikuwa kaburini. Kaka yake mkubwa, mwenye ile ndege ndogo ya injini mbili iliyoanguka nao wote wawili, alikuwa amekaa sebuleni kwa mjane, mkono ndani ya plasta, akiwasimulia waliokuja kutoa pole.

"Injini ya kushoto ilikufa tulipoacha ardhi tu. Mdogo wangu akababaika, ndege ikalalia kushoto. Lakini nani amlaumu marehemu?"

Neno lile lilimchoma mwalimu. Mumewe kubabaika? Mtu aliyemzalisha mkewe garini, mvua inanyesha, huku akimtania! Na kesho wachunguzi wa ajali wangekuja kumsikiliza shemeji. Neno hilo likishaandikwa, wanawe wangelibeba hadi uzeeni: watoto wa rubani aliyebabaika.

Alitua sinia la vikombe mezani kwa kishindo.

"Shemeji, alisema maneno yake?"

"Maneno gani?"

"Usinichezee."

Jirani mmoja aliguna. "Kasuku huyo asiseme?"

"Alisema," shemeji akajibu, macho kwenye chai.

"Injini ilipokufa, magurudumu yalikuwa ndani au nje?"

"Watu wamekuja kutupa pole, wewe unafungua darasa?"

"Ndani au nje?"

"Nje."

"Na njia ilibaki?"

"Kipande tu! Mbele kuna mtaro, kuna uzio. Angeivunja ndege!"

"Kwa hiyo alitaka kutua."

Shemeji alikizungusha kikombe. Mama mkwe, aliyekuwa amejikunyata kwenye kochi tangu asubuhi, aliinua kichwa. "Mwanangu, unaulizwa."

"Nilimshika mkono, mama. Alishaanza kuvuta vishikio vya gesi nyuma, atue. Nikamwambia usiniulie ndege, twende, moja inatosha. Nikamkandamiza mkono pale pale."

"Na yeye?" mwalimu akauliza.

"Akaniachia. Mimi si kaka yake?"

Moja haikutosha. Kasuku alikwisha kumwonyesha mkewe mezani, kwa vijiko viwili: ndege ikiwa na mwendo mdogo, upande mzima unasukuma, uliokufa unaburuta, nayo inajipindua. Hata watoto walijua.

"Shemeji," kaka mtu alisema kwa sauti ya chini, "haya yakitoka nje, jina la ukoo limekwisha. Marehemu hadhuriki tena."

"Jina la ukoo ndilo wewe? Umemzika mdogo wako, ukampandishia kosa lako juu ya kaburi, halafu unakunywa chai yangu! Kesho utawaambia wachunguzi kama ulivyosema hapa."

"Na wakinifunga?"

"Utafungwa kwa jina lako. La mume wangu liache."

Shemeji akamgeukia mama yake amtetee, kama alivyozoea tangu utotoni. Bibi yule alijifuta uso kwa ncha ya khanga.

"Nilizaa wawili," alisema. "Aliyebaki asiwe mwongo. Kesho nitakaa karibu yako nikusikie."

Kesho yake shemeji akasema kweli, mama yake kushoto, mwalimu mbele yake, na wachunguzi wakamfanya arudie mara ya pili. Mwalimu hakuondoka mpaka aliposikia "nilimzuia" ikitamkwa wazi.

Alidhani atarudi nyumbani na nafuu. Badala yake aliingia chumbani, akafungua kabati, akalikuta shati jeupe la kazi la mumewe limening'inia, limepigwa pasi.

"Na wewe!" alilifokea. "Uliyajua yote! Ulituimbia asubuhi na jioni! Halafu kaka anakushika mkono, unamwachia? Ndani ya ndege kuna kaka?"

Mama mkwe alimsikia kutoka sebuleni. Hakwenda kumnyamazisha.