Hilkka Aziba Mlango wa Sauna

Hilkka amewasha sauna, kibanda cha kuogea mvuke wa mawe ya moto, kila Jumamosi kwa miaka arobaini, na hajawahi kukiamini kipimajoto cha ukutani. Mwanawe Jorma aliwahi kumletea jiko la bati lenye mawe machache. Mshale ulifika tisini upesi, lakini ukiyamwagia kata moja ya maji, joto kwisha. Jiko lake la zamani, lenye rundo la mawe, husoma sabini tu, na mnaoga watu wa nyumba mbili bado linafuka.

"Kipimo kinasema joto ni kali vipi," husema. "Hakisemi lipo kiasi gani." Mimi jirani yake nilimwona mbishi tu.

Jumamosi moja ya Machi barafu iliyofunika ziwa ilipasuka chini ya mumewe, Reino, akitoa nyavu. Mimi na Jorma tulimvuta kwa kamba. Midomo ilikuwa ya kijivu na hakutetemeka hata kidogo, na baridi yote ile. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Sisi huku kila balaa dawa yake sauna. Tukambeba moja kwa moja hadi pale. Hilkka akaziba mlango kwa mwili wake.

"Nyumbani! Mlazeni, msimtikise!"

"Mama, una wazimu? Sauna iko tayari!"

"Ngozi itapata moto, damu ya baridi ya miguuni imkimbilie moyoni. Unataka kumzika baba yako?"

Tukamlaza kwenye benchi la jikoni, tukamvua nguo mbichi, tukamfunika mablanketi. Hilkka akamwekea chupa ya maji ya moto kwapani, akaingia mle mle akamkumbatia. Gari la wagonjwa tuliloliita lilikuwa mbali, saa nzima. Jorma akamchomeka baba yake kipimo cha homa kwapani.

"Thelathini na sita! Mama, kapona, twende sauna!"

"Kimepima chupa, we bwege! Kilo tisini za mwili wa baridi ziko chini yake, na chupa moja haizimalizi."

Mimi nikawa nahesabu pumzi za Reino, na kila moja ilichelewa kuliko iliyotangulia. Nilijilaumu kwa kumsikiliza mwanamke huyu. Reino akifa, nitamwambiaje Jorma?

Mara mwili wote wa Reino ukaanza kutikisika, meno yakigongana, benchi likilia.

"Anakufa!" Jorma akapiga kelele.

"Nyamaza," Hilkka akasema, na sauti ikamkatika. "Anatetemeka. Sasa anajitengenezea joto mwenyewe."

Akauficha uso shingoni mwa mumewe, akalia mpaka gari lilipofika.