Muntu Aliyeruka Ndani ya Matete

Wajukuu wangu wananiulizaka kama ni kweli nilimuona muntu akisimamishwa mbele ya zuzi, hakimu wa serikali, kwa kesi ya kuua. Ni kweli. Na kwa sababu kila mumoja anaieleza vile anataka, na kila mwaka wanaongeza chumvi, nimeona heri niiandike mimi mwenyewe. Sikusoma sana. Katekista alinifundisha kusoma Biblia na kuandika barua fupi, basi. Lakini ile kesi niliisikia kwa masikio yangu, tangu mwanzo mupaka mwisho.

Ilikuwa miaka ya mbele ya uhuru. Mimi nilikuwa muke kijana, na mutoto wangu wa kwanza mugongoni, pale kwenye vilima juu ya Nyabiondo. Chini yetu muzungu mumoja alikuwa na shamba kubwa ya pareto, na karibu kila nyumba ilikuwa na muntu anayechuma yale maua. Kapita wa shamba, musimamizi wa wachumaji, alikuwa muntu mukali. Asubuhi moja wakamukuta amelala kando ya kijito, chini ya nyumba ya kukaushia maua, amekatwa shingo na panga.

Kabla ya jua kufika kichwani walikuwa wamefunga muntu. Alikuwa muchumaji, kijana wa Walikale aliyekuja kutafuta kazi kwetu, akaoa kwetu, akabaki. Sababu za kumufunga zilikuwa mbili, na kila muntu alizijua. Ya kwanza: muda kidogo mbele ya pale, kapita alikuwa amemupigisha magoti ndani ya matope, na kikapo ya maua juu ya kichwa, na muke wake alikuwa amesimama pale na chakula yake akiangalia. Kijana aliposimama, alimuambia kapita mbele ya watu wote: "Hii matope, siku moja utaikula wewe." Ya pili: ile asubuhi yenyewe, mupolisi mumoja, muntu wa mbali, wa upande wa Kasaï, alimuona kwenye njia ya juu ya kijito, panga mukononi. Halafu kwa ghafula kijana akaruka ndani ya matete, akalala chini, akajificha.

Muntu anayejificha. Kila mahali njo ile neno tulisikia. Soko ilikuwa na wimbo juu yake hata mbele kesi ianze, na ndani ya ule wimbo walikuwa wamekwisha kumunyonga.

Zuzi alikuja na motokari kutoka Bukavu, na kesi ikafanyika Masisi, kwa nyumba ya serikali, ili watu wote wasikie na waogope. Watu walitoka Karuba, walitoka Nyamitaba, kamio za kubeba maua zikaleta watu wamesimama kama mihogo ndani ya kikapo. Wamama walichoma mahindi nje na kuuza. Mimi nilikuwa nalala kwa shangazi yangu pale Masisi, na mbele mwanga utoke vizuri nilikuwa nimekwisha kufika kwenye dirisha, kwa sababu ndani hapakuwa nafasi.

Bwana yangu hakupenda. Alinitumia neno kwa watu wa njiani kwamba nyani wanakula mahindi, na kama nimekuwa zuzi sasa, nimujulishe, atafute muke mwingine wa kulima. Nilimujibu aache nyani wale, mwaka kesho kuna mahindi mengine. Sikuweza kukaa nyumbani. Kama nilikaa, maharagwe iliungua kwenye moto, mutoto alilia sikusikia. Yule kijana sikuwa ndugu yake. Muke wake tu njo nilimujua, tulibatizwa siku moja.

Mujane wa kapita alikuwa anakaa ndani, kwenye benchi ya mbele, na kitambaa nyeusi. Hakulia. Alikuwa anaangalia mudomo ya kila muntu anayesema.

Mufungwa walimuuliza sababu gani aliruka ndani ya matete. Alisema: "Nilikuwa napita." Wakamuuliza tena. Akasema tena alikuwa anapita. Karani aliyefasiria, naye muntu wa mbali, alikasirika, akamupigia kelele. Kijana akaangalia miguu yake.

Halafu mupolisi akaeleza vizuri kile aliona. Alisema ile njia haikuwa na muntu mwingine, ila wamama wenye jembe, walikuwa wanashuka kwenda mashamba. Aliposema vile, sisi wote kwenye dirisha tulipumua. Mama mumoja wa Karuba karibu yangu alicheka kabisa, akasema: "Aa, basi. Kesi imekwisha."

Kwa sababu sisi tulijua. Wale wamama walikuwa wa kilima kile, na shamba ya mama mukwe wa yule kijana iko pale chini ya njia. Kwetu muntu na mama mukwe hawakutanaka uso kwa uso. Akimuona anakuja, anatoka kwenye njia, anaingia kwenye majani, na kama hakuna majani anageuka na kufunika uso. Na mama mukwe naye anageuza macho, anapita. Kutaja tu kwamba umekutana naye ni haya. Njo maana kijana alisema alikuwa anapita. Tulimusikia vizuri sana. Tulisema, huyu ana adabu, hata mbele ya kamba anachunga heshima ya mama mukwe.

Tulifikiri kwamba zuzi naye ameelewa. Kosa yetu ilikuwa pale. Muntu mukubwa, ametoka Bukavu, na karani, na vitabu: nani angefikiri kwamba kitu ambacho mutoto mudogo anajua, yeye hajui? Tulikula mahindi yetu tukalala vizuri.

Kesho yake zuzi alisema, na karani akafasiria, kwamba muntu mwenye roho safi hawezi kujificha kwa sababu ya wamama wenye jembe. Kwamba ile kuruka inasema yote. Alisema atasikiliza tena siku ya Mungu ikipita, halafu atakata.

Hakuna aliyecheka. Tulitazamana. Muzee mumoja alitaka kusema kupitia dirisha, mupolisi akamusukuma na fimbo. Katekista wetu njo alimungoja karani nje, akamueleza. Karani alisema na yeye ameshangaa, kwao haiko vile kabisa, lakini neno ya kusikia haitoshi. Ule mama aje mwenyewe. Asimame ndani, aseme alikuwa kwenye njia, na aseme mukwe wake alimuona mbele ya kuruka. Bila ile, kamba.

Tulipanda kilima ile siku ileile, katekista na sisi wamama wawili watatu. Mama mukwe tulimukuta anachagua maharagwe ya mbegu. Binti yake, muke wa mufungwa, alikuwa amekaa chini karibu ya mulango, na mutoto akinyonya, na mwingine tumboni. Katekista akasema yote. Mama aliendelea kuchagua maharagwe.

Kisha akasema, polepole: "Munataka nimuangalie mukwe wangu machoni, mbele ya Masisi yote."

Katekista akasema Mungu ataelewa.

"Mungu ataelewa," akasema yeye. "Na wewe? Na hawa? Kesho hawatasema ni mama gani huyu, amemuona mukwe wake uchi?"

Kwetu kumuangalia usoni ni sawa na kumuvua nguo. Mimi nilikuwa mudogo kuliko wote pale, lakini mudomo yangu haijawahi kuchunga umri. Nikamuambia: "Mama, watasema. Watasema miaka yote. Lakini watasema na mukwe wako akiwa muzima."

Aliniangalia kwa hasira. Binti yake alibadilisha mutoto, akamuweka kwenye ziwa ya pili, akaendelea kuangalia chini. Nafikiri ile kumuona vile njo ilimushinda mama.

Alikuja. Tulimufanyia vile inafanywaka kwa arusi, kama mama mukwe anapaswa kupita mahali mukwe iko: wamama tulimuzunguka, tukasimamisha vitambaa vyetu kwa mikono kama ukuta, tukaingia naye ndani vile. Wapolisi hawakujua wafanye nini. Zuzi akauliza hii ni nini, karani akamueleza, na zuzi akasubiri. Sitamusema vibaya. Hakucheka, hakupiga meza. Alimuuliza mama maneno yake nyuma ya vitambaa, na mama akajibu: ndiyo, alikuwa kwenye njia ile asubuhi. Ndiyo, huyu ni bwana wa mutoto wake. Ndiyo, kwetu iko hivyo.

Halafu zuzi akasema neno moja kubwa ilibaki. Alitaka kujua kama kijana alimuona mbele ya kuruka, ao aliruka mbele ya kumuona. Na hii aiseme wazi, vitambaa chini, na amuonyeshe muntu mwenyewe.

Mikono yangu ilikuwa inashika kona moja ya kitambaa. Tukashusha.

Mama alikuwa amemupa kijana mugongo. Akageuka. Kijana alifunga macho kabisa, kama mutoto anayeogopa dawa. Mama akamuangalia yeye tu, muda murefu, mupaka watu wa madirisha wakaanza kuguna. Akanyoosha kidole.

"Njo huyu," akasema. "Aliniona. Kisha akaruka."

Mujane wa kapita alikuwa anaangalia mudomo yake.

Kisha pale walisema mengi ya sheria, sikuelewa yote. Mwisho yake zuzi alisema hakuna aliyemuona kijana kwenye kijito, na kwa kuruka sasa kuna sababu ingine, na maneno ya hasira peke yake hayatoshi kunyonga muntu. Afunguliwe. Nje watu walipiga vigelegele, walimubeba katekista kama yeye njo alikuwa amefungwa buloko. Wimbo wa soko ulibadilishwa ile jioni.

Mimi nilirudi kwa maharagwe yangu. Nilifikiri ile kesi itanitoka kichwani. Haikutoka, na aliyeisukuma tena ni mujane. Tulikutana kwenye soko ya Nyabiondo, alikuwa anapima chumvi. Alinishika mukono, hakunisalimia hata. Akasema: "Dada, wewe ulikuwa pale siku zote. Ulisikia yote. Basi bwana yangu aliuawa na nani?"

Nilisema sijui. Akaendelea kunishika.

"Yule mama," akasema, "kweli alimuona?"

Njo ile ilinirudisha kilima. Mama mukwe nilimukuta kwenye shamba yake, anapalilia. Nilichukua jembe ingine nikaingia kwenye mustari wa karibu, nikalima kwanza, kwa sababu maneno ya namna ile huyatupi kama mahindi kwa kuku. Alikuwa amekonda. Wamama wa kilima walikuwa wanamusalimia bado, lakini kwa arusi hawakumuita tena kukaa na wamama wengine. Alikuwa amelipa, ile sote tuliona.

Nikamuuliza. Ile asubuhi kwenye njia, mukwe wake alimuona kwanza, halafu akaruka?

Aliendelea kung'oa majani. Akasema: "Wewe, bwana ya mutoto wako akija kwenye njia, utafanya nini?"

"Nitageuza macho."

"Basi."

Nikasimama na jembe mukononi. "Mama, lakini uliambia zuzi alikuona."

"Nilisikia matete inavunjika. Nilikuwa nimegeuza macho tayari, tangu niliona panga na mabega yake. Kama alikuwa anatazama kijito ao alikuwa ananitazama mimi, nitajua namna gani? Mama mukwe haangaliaka." Akapiga udongo kutoka kwa mizizi ya majani, akaitupa nyuma. "Mutoto wangu iko na mimba. Uliniambia wewe mwenyewe, heri awe muzima."

Tulimaliza mistari yetu.

Haikupita muda, yule kijana aliamua kurudi Walikale, kwa ndugu zake, kwenda kufyeka pori. Siku ya kwenda kamio iliwangoja barabarani, muke na mutoto walikuwa wamekwisha kupanda juu ya mizigo. Mama alishuka na kikapo ya maharagwe ya mbegu, ingawa kila muntu anajua maharagwe haipendi mvua ya Walikale. Alipofika nusu ya kilima, kijana alimuona. Mara moja akageuza mugongo, akajipitisha nyuma ya kamio. Mama naye akasimama pale, akageukia upande wa mugomba, akaniita kwa mukono. Kikapo nikaibeba mimi.

Mimi sikuwa mukwe wake wala nani yake. Nilikuwa na ruhusa ya kumuangalia. Nikazunguka kamio, nikaiweka kikapo mbele ya miguu yake, nikasimama, nikamuangalia usoni. Muda murefu. Alikuwa na uso wa muntu mwenye usingizi mwingi. Alikuwa na alama ya kamba ya buloko kwenye mukono. Akapokea kikapo na mikono mbili, kama adabu inasema.

"Asante, mama," akasema. "Umuambie nimepokea."

Dereva akawasha. Nikapanda kilima kumuambia mama mukwe wake kwamba amepokea.