Mpelelezi wa Mkongani na Mbuzi ya Mwanapili

"Mwizi wa hapa nipeni asubuhi, jioni nitawaletea, na kofia yake juu." Hivyo ndivyo Maweu alivyojitapa barazani Mkongani, mwaka wa pili wa uhuru, mbele ya watu waliokuja kusikiliza habari za mbegu. Chama cha wakulima kilitafuta mlinzi wa ghala, naye Maweu, aliyeshuka kutoka Ukambani kupewa shamba, aliitamani kazi ile hata akaota filimbi yake. Sifa yake ilikuwa sanduku la vitabu vya upelelezi vilivyochakaa. Humo kila mwizi huvuta sigara ya namna yake peke yake, kisha kwa adabu huangusha kipisi mahali pa wazi.

Kesho yake Mwanapili, jirani yake wa Kidigo, alimwendea Mzee Mwero, naibu wa chifu, akalalamika: "Mbuzi yangu imeibwa."

Mwero akamgeukia Maweu. "Haya, bwana. Ipate, na kazi ni yako."

Maweu alikwenda uani kwa Mwanapili akanusa kinyesi, akapima alama za kwato kwa kijiti. Akauliza ina umri gani. Mama akajibu alipewa na marehemu mamake siku alipoolewa. Akauliza meno. Makali vilevile, akaambiwa, juzi yalimkata mama huyo kidole. Mbuzi mwenye wajukuu wa wajukuu, na bado anauma! Mtu mwingine angesita, lakini vitabuni jambo la ajabu ndilo ushahidi wenyewe.

Jioni harufu ya nyama ikamfikisha kwa Kavumbi, mfugaji wa Kiduruma aliyechinjia wageni wake. Kavumbi alisema mnyama ni wake. Maweu akacheka puani; wote husema hivyo, ukurasa wa thelathini.

Maweu akawaita wote uani kwake mwenyewe, kwa maana vitabuni mpelelezi hukusanya watu ndipo amtaje mwovu, wala hakuna anayeaga kwamba ameacha chungu motoni. Akavuta kigoda kilichokuwa karibu na jiko, akaketi, akaanza kueleza kwato. Mwero, aliyeambiwa tu kwamba mwizi amepatikana, alikwisha kumwambia Kavumbi ajiandae kwenda kituoni. Mwanapili, lakini, hakumtazama Kavumbi hata kidogo. Alitazama chini ya Maweu.

"Maweu mwanangu, hebu inuka."

"Subiri, mama, nafika kwa mwizi."

"Umeshafika. Umemkalia."

Maweu akatazama katikati ya magoti yake. Ulimi wa chuma ulikuwa umechomoza mbele ya kigoda, na meno yake yote.

Mkewe, Kanyiva, akasema kutoka jikoni kwamba aliiazima Ijumaa. Hakumkuta mtu, akaichukua, akasahau kusema. Wali wa nazi ambao mumewe aliusifu tangu siku hiyo ulitoka wapi?

"Lakini ulisema mbuzi," Maweu akanong'ona.

"Mbuzi ya kukunia nazi," Mwanapili akasema. "Angekuwa wa kwato ningesema mbuzi wangu ameibwa. Nyinyi wa bara kwenu kila kitu ni yangu, yangu."

Kavumbi alicheka hadi akashika ukuta. Maweu akainuka kwa hasira, na mguu wa ile mbuzi ukakatika kwa mlio.

Ulinzi wa ghala alipewa Kavumbi.

Mbuzi mpya ya kukunia nazi, sokoni Kwale, ilimgharimu Maweu shilingi tatu.